Zipu

Juzi usiku upepo ulivuma hapa Dodoma mpaka bati la jikoni likawa linagonga kama mtu anayebisha hodi. Kipupwe cha Julai mnakijua. Binti yangu wa mwisho akaja kitandani kwetu, khanga ya mama yake kichwani, akauliza, "Baba, upepo unaweza kuua mtu?"

Nikamwambia alale. Mimi ndiye sikulala.

Ilikuwa Machi, msimu wangu wa tatu wa kubeba mizigo Kilimanjaro, kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Wageni walikuwa waanze kupanda saa sita usiku. Saa nne theluji ikaanza kuja ubavu ubavu, haidondoki, inapita. Mzee aliyetuongoza alitoka nje, akakaa kidogo, akarudi na kauli moja: "Leo hatupandi." Wageni walinuna. Tukakandamiza kamba za mahema kwa mawe, tukajibana ndani.

Ubavuni kwangu alilala kijana wa safari ya pili tu. Kambini Barafu hakuna maji, sisi wapagazi, wagumu tunavyoitwa, huyafuata bonde la Karanga. Jioni ile ndoo ilimmwagikia suruali, akaona aibu kusema. Alitetemeka usiku kucha. Karibu na saa nane meno yake yakanyamaza. Nikajua amepata usingizi.

Kumbe hajalala. Aliketi, akaanza kupapasa jaketi. "Kaka, joto," alisema, ulimi mzito kama wa mlevi. "Nafungua." Vidole havikumtii. Basi mimi nikamsaidia. Zipu ilikuwa imeshika barafu, nikaivuta kwa nguvu mpaka chini, kifua kikabaki wazi.

Mzee alisikia neno "joto" kutoka upande wa pili wa hema. Alinirukia. "Mfunge! Huyo anakufa!"

Tukamvua suruali mbichi, tukamwingiza kwenye begi la kulalia pamoja nami, kifua kwa kifua, chupa za maji ya moto zimefungwa soksi tukazibana kwapani mwake. Nikataka kumsugua miguu, mzee akanishika mkono: mwili uliopoa hivyo haukurupushwi, moyo unaweza kusimama. Alinong'ona huku akichemsha maji mengine. Baridi ikizidi, mishipa ya ngozi iliyokuwa imejifunga huachia, damu hukimbilia juu, mtu anahisi anaungua na ndani amekwisha. Upepo huiba joto la ngozi, nguo mbichi huuongezea mikono. Anayetetemeka bado anapigana. Ukiona ametulia, hapo ndipo uogope.

Alfajiri meno yakaanza kugongana tena. Mzee alilia, nami nikalia. Akaanza kumnywesha chai ya sukari, kijiko kwa kijiko. Kulipokucha tukamshusha kwa njia ya Mweka.

Asubuhi nilimjibu binti yangu: ndiyo, unaweza. Nikamfundisha habari ya nguo mbichi, chupa za moto, na yule anayeacha kutetemeka. Ya zipu sijamwambia. Na yule kijana sijui kama anakumbuka ulikuwa mkono wa nani.