Koreshi wa Uajemi na Vyombo Vilivyorudishwa

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na Koreshi, mfalme wa Uajemi wa kale, katika kitabu cha Ezra katika Biblia, wakampita upesi ili wawafuate Wayahudi wanaorudi Yerusalemu. Mimi naamini anastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, hasa na mtu yeyote aliyekabidhiwa madaraka juu ya watu wasiosali kama yeye.

Alianza kuwatawala Waajemi yapata mwaka 559 KK, akawashinda Wamedi mwaka 550 KK, kisha ufalme wa Lidia, na mwezi Oktoba 539 KK majeshi yake yakaingia Babeli. Desturi ya washindi wa zama hizo ilikuwa inajulikana. Waashuri walikuwa wakihamisha jamii nzima nzima kutoka nchi zao, na Nebukadreza wa Babeli alikuwa amelibomoa hekalu la Yerusalemu, akachukua watu pamoja na vyombo vyao vitakatifu.

Kumbukumbu ya Wababeli wenyewe, iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo, inaeleza kwamba askari wenye ngao waliyazunguka malango ya Esagila, hekalu la mungu Marduk, lakini ibada hazikukatizwa. Jambo hili hunigusa kila ninapolisoma. Mji umeshaanguka, mfalme wake Nabonido ameshindwa, mali ya hekalu iko nyuma ya malango ambayo askari wanayalinda kwa silaha mkononi, na bado makuhani wanaendelea na kazi yao ndani kwa saa zilezile. Utulivu wa namna hiyo hauji wenyewe. Lazima pawe na amri, na pawe na askari wanaoamini kwamba atakayeivunja ataadhibiwa.

Ipo pia ile silinda ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Humo Koreshi anasema kwamba aliirudisha miungu ya miji mbalimbali katika mahekalu yake, na watu wake katika makazi yao. Wapo wanaoiita silinda hiyo hati ya kwanza ya haki za binadamu, nami sikubaliani nao. Haikufuta utumwa, haiwataji Wayahudi, na iliandikwa kwa mtindo wa wafalme wa Babeli ili kumtukuza mshindi. Isitoshe, kabla ya Babeli kujisalimisha kulikuwa na vita katika mji wa Opis, na damu ilimwagika. Heshima yake haihitaji kutiwa chumvi.

Ninachokithamini zaidi kimo katika Ezra sura ya kwanza, katika mistari ambayo wengi huiruka kwa sababu inafanana na daftari la ghala. Mithredathi, mtunza hazina, anatoa vyombo vya hekalu na kumhesabia Sheshbaza, mkuu wa Yuda: sinia 30 za dhahabu, sinia 1,000 za fedha, visu 29, na kuendelea hadi jumla ya vyombo 5,400. Mtawala anaweza kutangaza uhuru wa kuabudu na bado akabaki na dhahabu ya watu. Hapa mali ilitajwa kipande kwa kipande, mbele ya mwenye haki ya kuipokea.

Koreshi alikuwa amewaruhusu Wayahudi walijenge upya hekalu la Yerusalemu, lakini alifariki mwaka 530 KK, kabla halijakamilika. Miaka kadhaa baadaye, chini ya mfalme Dario, liwali Tatenai alifika Yerusalemu akawauliza wajenzi ni nani aliyewapa ruhusa. Wazee wakalitaja jina la Koreshi, na Dario akaamuru kumbukumbu zitafutwe. Hati ikapatikana Ahmetha, katika nchi ya Wamedi, ikitaja vipimo vya jengo, safu tatu za mawe na moja ya miti, na kwamba gharama zitolewe katika nyumba ya mfalme. Dario akaithibitisha, akamwagiza Tatenai awaache wajenzi wafanye kazi yao, na awalipe kutokana na kodi ya jimbo lake mwenyewe.