Siku Niliyoambiwa Nizime Gari Kondele

Mwalimu wangu wa udereva alikuwa ameendesha trela kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, mpaka macho yakaanza kumsumbua usiku akaachana na barabara kuu. Sote tulimwita Jaduong', yaani mzee, hata wanafunzi wasiojua neno lingine la Kijaluo, naye akituita nyara, binti yangu, au wuoda, mwanangu wa kiume. Hakuwa mtu wa kelele. Ukiharibu jambo alikanyaga breki yake, ile iliyofungwa upande wa abiria, gari likasimama, kisha akageuka kutazama nje ya dirisha mpaka wewe mwenyewe useme ulichofanya.

Ilikuwa mwaka 2010. Nilikuwa mwandishi wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, na tajiri alikuwa ameahidi kuniongeza mshahara nikipata leseni, kwa sababu dereva wake alikuwa na mazoea ya kupotea na pikapu siku nzima akipeleka mabati matano tu. Nikajiandikisha.

Darasani sikuwa na shida. Aliyepitia shule ya udereva Kenya anaujua ule ubao wa mji wa mfano: barabara zimechorwa, reli imechorwa, kivuko cha waendao kwa miguu, na raundabauti. Unapewa kigari cha kuchezea, unaambiwa utoke hospitali uende kituo cha polisi, na huku unakisukuma unajieleza kwa sauti. Nakaribia raundabauti, natazama kulia kwangu, yule anayetoka kulia nampisha. Nikitaka njia ya kwanza nashika leni ya nje. Nikitaka ya tatu nashika leni ya ndani, na nikishaipita njia ya pili nawasha indiketa ya kushoto. Nilikuwa hodari sana wa ubao. Lakini katika mji ule gari ni lako peke yako. Hakuna bodaboda anayekupita kushoto wakati unakata kushoto, wala mama anayevuka na beseni la omena kichwani. Na hakuna matatu iliyoegeshwa pale pale unapotakiwa kutokea.

Kondele, makutano ya barabara hapo Kisumu, wakati ule haikuwa na daraja la juu. Ilikuwa raundabauti tu, na kila kitu kilipitia hapo. Barabara ya Jomo Kenyatta ilikuwa inapanda kutoka mjini, inapita soko la Kibuye na hospitali ya mkoa, ambayo wenyeji wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, kisha inamwagikia hapo. Kulikuwa na barabara ya Kakamega kupitia Mamboleo, ya Kibos, na ile ya kuingilia Manyatta. Pikipiki zilikuwa zimefurika ghafla, maana serikali ilikuwa imeondoa kodi ya VAT kwa zile ndogo za chini ya 250 cc miaka michache tu nyuma, na bodaboda za baiskeli nazo zilikuwa bado hazijaondoka. Tuktuk zilijipenyeza palipobaki.

Kwa hiyo Jaduong' alitufundisha mambo ambayo hayamo kwenye ubao. Trela iliyo mbele yako mlimani ikiwasha indiketa ya kushoto, dereva anakuambia pita, mbele ni peupe. Ikiwasha ya kulia na hakuna mahali pa kukata, anakuambia kaa, kuna gari linakuja. Anayekuwashia taa kubwa mchana huenda anakupisha, huenda anakuonya kuna askari mbele, na huenda anakuambia usithubutu. Utamjua kwa mwendo wake, akipunguza anakupisha, akiongeza kaa kwako. Mkono wa makanga ukitoka dirishani na kupunga chini, hiyo ndiyo indiketa ya matatu, na haina mjadala. Mambo haya niliyaandika kwenye daftari, nikacheka, nikadhani ni porojo za madereva wazee. Mpaka leo ndiyo ninayoyatumia kuliko yote niliyofundishwa.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Aprili, shule zinafungwa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na pembeni mwa barabara palikuwa tope tupu, kwa hiyo watu wote, na mikokoteni yote, walikuwa juu ya lami. Matatu zilipita na masanduku ya chuma yamerundikwa kwenye kerieri mpaka zikawa zinayumba. Mwaka 2004 waziri John Michuki alikuwa ameleta zile sheria zake: abiria 14, mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Siku ya kufunga shule, sheria nazo hufunga. Nilihesabu vichwa kwenye matatu moja iliyokuwa mbele yetu mpaka nikachoka.

Tulitakiwa kwenda Mamboleo na kurudi. Tangu pale Russia tulikuwa kwenye klachi na gia ya kwanza, mita mbili, breki, mita mbili, breki. Mguu wa kushoto ulianza kutetemeka. Kulia kwetu palikuwa na lori la mafuta lililotoka kupakia depo. Kulia kwake tena palikuwa na safu ya waliochoka kungoja, wamepiga ovalapu, wako upande wa magari yanayokuja, na kwa kuwa hakuna lililokuwa linakuja, wameridhika kabisa na nafsi zao.

Hatimaye tukawa wa kwanza mdomoni mwa raundabauti, na hapo nikaona kilichokuwa kinatukalisha. Matatu tatu za Kakamega zilikuwa zimesimama sambamba kwenye njia ya kutokea, wanafunzi wanapandisha masanduku, makanga wanagombania abiria. Nyuma yao magari yaliyotaka kwenda huko huko yalikuwa yameujaza mviringo mpaka yakaziba mdomo wetu, wa Manyatta na wa Kibos. Aliyetoka Kibos kwenda mjini, asiye na haja yoyote na Kakamega, hapiti. Aliyetoka Kakamega yenyewe naye hapiti, kwa sababu yule wa Kibos amemkalia mbele. Kila mmoja amezuiwa na mwenzake ambaye naye amezuiwa, na wote wanapiga honi.

Askari wa trafiki alikuwepo, mmoja, upande wa pili, amevaa koti la mvua, anabishana na mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji. Hata angekuwa na mikono minane sijui angeanzia wapi.

Matatu moja ya mbele ikasogea. Pakatokea mwanya mbele yangu, wa kutosha gari dogo. Nyuma makanga akapayuka, "Ingia, ingia, madam! Hiyo ni yako!" Nikaanza kuachia klachi. Gari likagoma. Jaduong' alikuwa amekanyaga ya kwake.

"Zima," akasema.

Nikaanza kupekua akilini nimekosea wapi.

"Hujakosea kitu, nyara. Zima gari. Vuta hendibreki, washa hazadi."

Nikazima. Akateremsha kioo chake upande wa kushoto, kisha akaegemea mbele yangu na kumpungia dereva wa lori la mafuta. Sijui kama walikuwa wanajuana au ni ule undugu wa watu wa trela. Alimwonyesha mviringo kwa kidole, akauchora hewani, kisha akakilaza kiganja chake. Yule dereva akatazama mbele kwa muda, akaguna, akausogeza uso wa lori kidogo kulia na kusimama. Safu ya ovalapu ikaishia ubavuni mwake.

Sijawahi kutukanwa na watu wengi kiasi kile kwa pamoja. Honi zilianza nyuma yetu zikashuka mpaka karibu na Kibuye. Mmoja alitaka kujua nani alinitoa jikoni. Mwingine aliuliza kama leseni nilipewa na bibi yangu. Bodaboda mmoja alisimama kabisa kwenye dirisha langu kunishauri, kwa upole, nirudishe gari kwa mwenyewe. Wa tuktuk wawili walipanda ukingo, wakakata kwenye tope mbele ya vibanda na kwenda zao, hao hatukuwaweza. Lakini hakuna aliyeshuka kutusukuma, na nadhani najua sababu. Mwanamke, kibao cheupe chenye L nyekundu, gari limezima: hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kama Jaduong' angeteremka akawaomba wangoje dakika tatu kwa faida ya wote, tungepigwa.

Huku nje kukiwa hivyo, ndani ya gari yeye alikuwa anafundisha.

"Ubao unakwambia umpishe wa kulia. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Nikasema ni adabu.

"Adabu gani? Wa kulia yuko ndani tayari. Ukimpisha anatoka. Ukimzuia anakaa, na akikaa, na wewe unakaa. Ni mlango wa matatu huu. Wa kushuka hawajashuka, wa kupanda wanapanda. Kila mwanya unaotokea pale, upande huu wa mjini tunaumeza. Yule wa Kibos amekuwa pale tangu tulipokuwa Russia. Sasa angalia."

Mwanzoni hapakuwa na cha kuangalia. Kisha pikapu ya sukuma wiki iliyokuwa imekwama mbele ya pua yetu ikapata nafasi ya matatu iliyoondoka, ikatokea Kakamega. Nyuma yake likafuata gari dogo. Mahali pale palipokuwa pua kwa mkia pakaonekana lami. Lori la mchanga lililotoka Kibos likajivuta, likakata kushoto kushuka mjini, na lilipotoka likafungua njia kwa magari manne au matano yaliyokuwa yamejificha nyuma yake. Ni hapo askari alipotuona. Alikuja kwa hasira, tope limefika magotini.

"Madam, shida ni gani? Toa gari barabarani!"

Jaduong' akainama ili aonekane. "Habari ya kazi, afande. Gari limekataa kidogo tu. Hebu tazama nyuma yako."

Afande akageuka. Nilimwona akisoma ile hali kama mtu wa kazi yake, haraka, bila kuambiwa. Hakutujibu. Alirudi mbio mpaka mdomo wa Kakamega, akapiga mabati ya matatu ya kwanza kwa kiganja, ya pili akaipiga teke kwenye gurudumu, zikasogea mbele mpaka penye uwazi, masanduku mengine yakiwa bado mikononi mwa wenyewe na mvulana mmoja akikimbia nyuma na godoro. Njia ya kutokea ikawa wazi. Akasimama katikati, akanyoosha mkono kwa watu wa Manyatta wapite, kisha wa Kibos. Sisi alituonyesha kiganja. Sisi, ambao gari letu "limekataa"!

Nimewasikia wengi wakisema askari ndio wanaoleta msongamano. Mara nyingine ni kweli: anaachilia upande mmoja kwa muda mrefu mno kwa sababu foleni yake ndiyo anayoiona, huku ile asiyoiona ikifika mtaa wa pili. Lakini siku ile alifanya jambo ambalo sisi tusingeweza. Sisi tulizuia maji kuingia tu; kuuzibua mfereji kulihitaji mtu ambaye matatu zinamwogopa.

Hatimaye afande akatupungia tupite. "Washa," akasema Jaduong'.

Niliwasha. Nikatazama kulia, kulikuwa na baiskeli moja yenye gunia la makaa, nikaipisha. Nikaingia leni niliyofundishwa, nikawasha indiketa pale inapotakiwa, na nikiwa natokea, matatu ya yule makanga wa "ingia, ingia" ikanipita kushoto kwa upana wa kidole. Akiwa ananing'inia mlangoni alinitazama vizuri na kunishauri niuze hilo gari ninunue mbuzi. Dereva wa lori la mafuta yeye alipiga honi moja fupi na kuwasha indiketa ya kushoto, ingawa hakuwa anakata kushoto.

Tangu nipate leseni nimejaribu mara kadhaa kufanya vile peke yangu, kubaki mdomoni mwa raundabauti wakati njia ninayoiendea imejaa. Bila kibao cha L haiendi. Wa nyuma anakuzunguka, anaumeza ule mwanya, na wa nyuma yake anamfuata, na wewe unabaki na haki yako. Siku hizi magari mengi Kondele yanapita juu, nami nikipita chini nawaona makanga bado wanapakia pale pale mdomoni. Daraja limeongeza njia ya kupita; mahali pa abiria kupandia ni habari nyingine.

Barabara ya Mamboleo ilikuwa nyeupe. Nilikuwa nimeshikilia usukani kwa nguvu mpaka vidole vikauma, na moyo ulikuwa bado uko kwenye zile honi.

"Gia ya tatu, nyara," akasema Jaduong'. "Injini inalia."

Nikaweka ya tatu. Tulipofika Mamboleo akaangalia saa yake, akaona somo langu lina dakika ishirini na kitu zilizobaki, nami nilikuwa nimezilipia. Akaniambia nigeuze, turudi mjini.

"Kwa njia gani?" nikauliza.

"Kuna ngapi?"