Kidumbaki chetu kilitoka jikoni

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya mpwa wangu nilisema mbele ya watu kwamba kidumbaki kitapigwa, na kitapigwa na watoto wetu. Kukodi kundi kulitushinda. Wakubwa wawili watatu waliguna, mmoja akaniambia vyombo havitengenezwi na mtu aliyezoea sufuria. Vyombo vyenyewe viko juu ya kabati langu mpaka leo, na skuli ya jirani imeshaviazima mara mbili.

Kwa asiyekijua, kidumbaki ni jamaa wa taarabu hapa Unguja, chenye vyombo vichache na mwendo wa kuchezeka: fidla, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo za udongo, mikwasa, yaani vijiti viwili vya kugonganisha, na cherewa. Aliyewahi kumsikia Makame Faki, yule mwimbaji wa kidumbaki aliyepewa jina la Sauti ya Mbuzi, anajua ninachokisema. Fidla tulikuwa nayo. Vilivyobaki nikavitafuta uwani na jikoni.

Nilianza na cherewa, yaani vile vifuu vya kutikisa. Jirani mmoja akanipa ushauri ambao mpaka leo unaniudhi: toboa jicho la nazi, mwaga maji, iache nzima juani, nyama itakauka na kutoka yenyewe. Nikaharibu nazi tatu nzuri. Siku ya tano uwa mzima ulinuka, sisimizi wamejipanga mstari kutoka ukutani, na nyama ndani imegoma. Jioni nzima nilichokonoa kwa waya, ikitoka vipande kama ukucha, mpaka nazi moja ikapasuka mkononi. Nilikasirika, maana zile zilikuwa nazi za wali.

Jibu nililipata kwa mama. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, na kila alipomaliza kifuu alikitupa juu ya mwenzake: ko! Nikamwomba agonge tena. Ko! Kumbe nilikuwa nahangaika kutoa nyama ya nazi ambayo watu wanaitoa kila siku kwa kupika. Tangu hapo kila nazi iliyovunjwa nyumbani kwetu ilitiwa alama ya mkaa kwenye vifuu vyote viwili, ili pacha wasipotezane. Kifuu cha nazi moja hakikai sawa na cha nyingine hata ukikibembeleza.

Ujanja ninaojivunia ni huu. Midomo ya vifuu haikutani vizuri, kwa hiyo nilivifudikiza kwenye kizingiti cha saruji na kuvisugua kwa mviringo, taratibu, huku nikimwagia maji kidogo. Robo saa hivi kila kimoja. Kisha unavikutanisha na kuvielekeza kwenye taa. Ukiona mwanga unapenya, rudi kizingitini. Pale palipokutana nilipaka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao niliookota kwa seremala. Ikikauka inakuwa ngumu kama kifuu chenyewe.

Lakini usigandishe kabla ya kusikiliza! Huyo huyo seremala aliniambia nijaze mbegu mpaka nusu ili sauti iwe kubwa. Si kweli. Mbegu zikijaa hazina pa kurukia, zinasukumana tu. Nilikata utepe wa tyubu ya baiskeli, nikavifunga vifuu kwa muda, nikajaribu kimoja kimoja. Mchele unanong'ona. Kunde zinagota. Mtama, ukiuchota kwa vidole vitatu mara mbili tu, ndio unaolia vile ninavyokumbuka tangu utotoni. Kuna waliosema niweke turituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Nzuri kwa macho, ila zina sumu kali, na kifuu kikivunjika mikononi mwa mtoto hutajua ametia nini mdomoni. Nilikataa na bado nakataa.

Mikwasa haikunichukua muda: mpini wa jembe uliovunjika, nikakata vipande viwili vya shibri moja moja. Mti wa ufagio ni mwepesi mno. Kimoja kilazwe juu ya kiganja kilichokunjwa kama kikombe, kisibanwe, kigongwe na mwenzake. Watoto wanapenda kukishika kwa nguvu na sauti inakufa. Kwa sanduku, makasha ya mbao ya chai siku hizi huyaoni, nikafudikiza pipa dogo la plastiki, nikapitisha mshipi mnene wa kuvulia katikati ya kitako na kuufunga kwenye fimbo. Ukiivuta fimbo besi inapanda, ukiilegeza inashuka.

Ngoma ndizo zilizonitoa jasho. Ngozi ya mbuzi nilipewa bure na muuza nyama, nikailoweka kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yakang'oka, nikaisuuza sana. Nikaiwamba kwenye ndoo ya rangi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi niliweka vijana wawili, kila mmoja akivuta kwake kwa nguvu zote, kisha tukaianika jua la saa sita. Jioni mdomo wa ndoo ulikuwa umepinda kama yai. Ngozi mbichi hujivuta inapokauka, na plastiki haina ubavu wa kuizuia.

Mara ya pili nilichukua mtungi wetu uliopasuka kitako. Nikausawazisha kwa msumeno wa chuma na maji, nikawamba ngozi kwa mkono wangu peke yangu, imekaza kiasi tu, nikaiweka kivulini siku mbili. Ilipolia mara ya kwanza mama alitoka jikoni. Ile ndoo niliirudisha kazini kwa kuinyoosha kwa maji ya moto na kuifunika selotepu pana, tepe zikikatizana kama ukili wa mkeka, tabaka tatu. Inatoa sauti ya juu, kavu, inajibizana vizuri na ile ya ngozi. Gundi na selotepu, sidhani kama vilipita shilingi 15,000.

Usiku wa harusi umande ulilegeza ngozi, nikamtuma kijana aipashe moto kwenye mkaa kama ngoma zinavyopashwa. Akazipeleka zote mbili. Selotepu ilijikunja kama jani! Nilikuwa nimebakiza robo ya roli kwenye mkoba, tukaifunika upya wageni wakiwa wanaingia.

Walipiga mpaka usiku wa manane. Katikati ya wimbo wa tatu bibi yake bwana harusi aliinuka, akamwomba mtoto cherewa moja, akaitikisa karibu na sikio akiwa amefumba macho.

"Mtama huu," akasema, na hakuirudisha.