Polimerasi I ya E. coli: mkono mmoja, kazi tatu

Arthur Kornberg na wenzake walipokitenga kimeng'enya hiki kinachojenga DNA mwaka 1956, katika bakteria E. coli, ilidhaniwa ndicho kinachonakili jenomu nzima ya bakteria. Kasi yake inakataa. Huunga nyukleotidi (matofali ya DNA) 10 hadi 20 tu kwa sekunde, ilhali unakili wa kromosomu ya E. coli hukimbia karibu 1,000. Mbio hizo ni za polimerasi III. Polimerasi I ni fundi viraka, hung'oa vianzio vya RNA (vipande vifupi vya kuanzishia uzi mpya) na kuziba mapengo yanayobaki.

Ni mnyororo mmoja wa amino asidi 928. Sehemu inayojenga imekaa kama mkono wa kulia uliokunjwa nusu. Dole gumba huishika DNA, vidole hujifunga vizuri pale tu besi mpya inapolingana na ya kiolezo (uzi unaonakiliwa), na kemia yenyewe hufanyika kiganjani. Hapo aspartati mbili, ya 705 na ya 882, hushikilia ioni mbili za magnesi. Moja huiandaa ncha ya 3′, yaani mwisho wa uzi unaokua, ishambulie fosfati ya nyukleotidi inayoingia. Nyingine huituliza pairofosfati, jozi ya fosfati inayotoka. Ndiyo maana EDTA, kemikali inayonyakua magnesi, huzima kila kitu.

Besi mbovu ikipenya, ncha ya uzi mpya hulegea, huachana na kiolezo na kuhamia eneo la pili, angstromu 30 hivi kutoka kiganjani, ikakatwe. Eneo la tatu, mwanzoni mwa mnyororo, hula uzi ulioko mbele. Subtilisini, kimeng'enya kinachokata protini, huliondoa hilo pamoja na amino asidi zake 323. Kinachobaki ndicho kipande cha Klenow.

Na kazi ya Klenow maabarani huharibiwa kwa kusahau kwamba bado ina kikataji, lile eneo la pili. Kujaza ncha za 5′ (mwisho wa pili wa uzi) zilizochomoza, uniti 1 kwa kila mikrogramu ya DNA, dNTP (nyukleotidi nne za kujengea) mikromola 33 kila moja, dakika 15 kwenye 25 °C, basi. Ukisahau dNTP, ukazidisha kimeng'enya, joto au muda, kikataji humshinda mjenzi: ncha huliwa kwa ndani, na ligesheni, yaani kuunganisha vipande vya DNA, inagoma. Zima kwa EDTA milimola 10, kisha 75 °C kwa dakika 20.

Taq, polimerasi inayotumika kwenye PCR (kurudufu DNA kwenye mrija), ni ya ukoo huohuo, ila eneo lake la kusahihisha halifanyi kazi. Kwa PCR ya kuangalia bendi kwenye jeli, sawa. Kwa jeni utakayoikloni, chagua polimerasi inayojisahihisha.