Mpira wa mkojo ukiziba, mshono wa fistula unafumuka

Mshono wa fistula (tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo) uliopigwa vizuri unaweza kuharibikia wodini kwa usiku mmoja tu. Mpira wa mkojo umejikunja au mgonjwa ameulalia, kibofu kinajaa, nyuzi zinavutika, tundu linafunguka upya.

Tundu lenyewe hutokana na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani wakati wa kuzaliwa. Kichwa cha mtoto hubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, damu haifiki, nyama inakufa. Inadondoka siku kadhaa baadaye, ndiyo maana mama anaweza kutoka hospitali akiwa mkavu na kuanza kuvuja nyumbani. Akirudi mapema na tundu ni dogo, awekewe mpira hadi wiki 4. Mengine hujifunga yenyewe. Lisipofunga, kwa kawaida husubiriwa kama miezi 3 tangu kujifungua, nyama iliyooza iishe na uvimbe upungue.

Siku ya upasuaji hutumika ganzi ya mgongoni. Daktari hutafuta kwanza mirija ya kutoka kwenye figo asije akaishona, kisha hutenganisha kibofu na uke mpaka kingo zikutane bila kuvutwa. Akimaliza hujaza kibofu maji ya bluu aone kama panavuja.

Baada ya hapo kazi ni ya wauguzi. Kwa tundu lisilo gumu kushona, Shirika la Afya Duniani linashauri mpira ukae siku 7 hadi 10. Hospitali nyingi zimezoea 14. Mgonjwa anywe lita 4 au 5 kwa siku, mkojo uwe mweupe kama maji. Hapa pana ugumu: huyu ni mtu aliyejizoeza kukaa na kiu ili asilowe. Usimwambie tu anywe, mpe kikombe na usimame hapo. Kila saa tazama: mkojo unadondoka? Shuka ni kavu? Mfuko uko chini ya usawa wa kitanda?

Mpira ukitolewa, wengine huvuja wakikohoa ingawa tundu limeziba. Pimeni tena kwa rangi kabla ya kumwambia upasuaji umeshindikana. Huenda ni njia ya mkojo iliyolegea, na mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia.

Nauli isiwe kisingizio: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bure na imekuwa ikituma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa.

Wakati wa kuruhusiwa aambiwe, na mumewe akiwepo asikie, wasikutane kimwili kwa miezi 3 angalau. Mimba ijayo ajifungue kwa operesheni. Hilo liandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa, maana atakayempokea kliniki safari hiyo huenda hamjui kabisa.