Kila kitu ndani, ila si kila kitu: likizo ya ufukweni nje ya nchi ukitokea Dodoma

Tangazo la hoteli ya ufukweni ya “kila kitu ndani”, yaani chumba, milo na vinywaji kwa bei moja, likikuambia laki mbili na nusu, lisome tena. Bei hiyo karibu siku zote ni ya mtu mzima mmoja, usiku mmoja, tena akiwa amelala chumba cha watu wawili. Baba, mama na watoto watatu hawawezi kuizidisha kwa tano wakapata jibu, maana kila mtoto ana bei yake kwa umri wake. Juu ya hapo Dodoma haina bahari. Kabla mtoto hajakanyaga mchanga, nauli, pasipoti na chanjo zimeshakula hela. Kwa hiyo chukua jumla ya familia nzima, kutoka mlangoni kwako Kisasa au Area C hadi mnaporudi, kisha igawe kwa siku ambazo mtakuwa ufukweni kweli. Siku za njiani usizihesabu. Ukipima hivyo, hoteli iliyoonekana rahisi mara nyingi inapitwa na ya jirani yake.

Kwa Mtanzania chaguo la kwanza ni pwani ya Kenya. Hakuna viza, na raia wa Afrika Mashariki hatuhitaji ule ujazaji wa kibali cha mtandaoni wanaotozwa wageni wengine. Mauritius nayo haidai viza kwetu, ila mnapanda ndege wote, na uhamiaji wao watataka kuona tiketi ya kurudi na mahali mtakapolala. Uturuki na Misri zinasifika kwa hoteli za kila kitu ndani zenye bei ya chini, na sifa hizo ni za kweli. Shida ni kwamba viza na tiketi za watu watano zinakwisha kumeza nafuu yote kabla hamjafika. Mwenye watoto wawili au watatu, safari ya kwanza, ningemwambia Diani, ufukwe wa kusini mwa Mombasa, bila kusita. Anayeuliza mbona asiende Zanzibar tu ana hoja, lakini leo tunazungumzia ng'ambo ya mpaka.

Tuanze na watoto, kwa sababu hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka. Hoteli nyingi humlaza bure mtoto wa chini ya miaka 2 au 3, humtoza nusu hadi miaka 11, na akifika 12 ni mtu mzima kamili. Ndege zina mipaka inayofanana: chini ya miaka 2 anapakatwa na kulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli, kisha anapunguziwa kidogo tu hadi afikishe 12. Angalia tarehe ya kurudi, siyo ya kwenda peke yake. Mtoto anayetimiza miaka 2 mkiwa huko atahitaji kiti chake mkigeuza.

Ile nusu bei ina sharti lake pia: mtoto alale chumba kimoja na wazazi wawili. Chumba cha kawaida kinachukua wakubwa wawili na watoto wawili, basi. Wa tatu anahamishiwa chumba kingine, na huko anaweza kuhesabiwa kama mtu mzima. Bibi akija, au dada wa kazi, ni bei kamili, na akilala peke yake anaongezewa hela ya kulala peke yake. Andika barua pepe utaje umri wa kila mtu, uulize chumba cha familia au vyumba viwili vyenye mlango wa kati, na udai jumla iliyoandikwa. Jibu la “kuanzia” shilingi kadhaa si jibu.

Sasa hesabu. Tuseme mtu mzima analipa 250,000 kwa usiku kwa kila kitu ndani, na 180,000 kwa hafubodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Watoto wenu wana miaka 13, 9 na 4. Mkipata chumba cha familia, wa 13 analipa kama ninyi, wale wawili nusu nusu. Jumla ni sawa na watu wazima wanne: 1,000,000 kwa usiku dhidi ya 720,000. Tofauti ni 280,000 kila siku, na kwa siku tano ni 1,400,000. Swali linabaki hili: mlo wa mchana na vinywaji vya watu watano vitafika 280,000 kwa siku?

Mkiwa Diani, kwa familia isiyokunywa pombe, havifiki. Barabara ya hoteli ina maduka makubwa, na Ukunda, mji wa jirani, kuna pilau, samaki na viazi karai kwa bei ya kawaida. Hapo hafubodi inashinda. Kila kitu ndani ni bei iliyopigwa kwa kumfikiria mnywaji. Msiokunywa mnawachangia wenzenu wa kaunta. Lakini hoteli ikiwa peke yake ufukweni, na teksi ndiyo njia pekee ya kutoka, kama zilivyo nyingi za Mauritius, watoto wanaoomba soda na chipsi kila saa watafikisha tofauti hiyo kabla ya alasiri. Katikati yake kuna fulubodi, milo mitatu bila vinywaji, ambayo watu huiruka bila sababu. Kwanza uliza kama hoteli inaruhusu kuingia na katoni ya maji. Zipo zinazokataa.

Bei ya mkazi ndiyo inayopunguza gharama kuliko ujanja wowote. Hoteli za pwani ya Kenya huwa na orodha mbili, ya wageni wa mbali na ya wakazi wa Afrika Mashariki, na hii ya pili ni ya shilingi ya Kenya na iko chini. Tovuti kubwa za kuwekea nafasi mara nyingi zinakuonyesha ile ya kwanza. Piga simu hotelini, waambie ninyi ni raia wa Tanzania, waulize kama bei ya mkazi inawahusu na wataangalia kitambulisho gani mkifika. Ukinunua kupitia wakala wa hapa nchini, kumbuka tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Akikupa bei kwa shilingi, muulize amebadilisha kwa kiwango gani. Faida yake nyingine hujificha humo.

Halafu uliza neno “kila” limeishia wapi. Kawaida vinywaji ni vya nchi hiyo, kwa glasi, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 au 5 usiku. Divai ya chupa, vinywaji kutoka nje, juisi iliyokamuliwa na friji ya chumbani hulipiwa kando. Mgahawa wa kuagiza mezani unaweza kuruhusiwa mara moja tu kwa wiki, na nafasi zake huwekwa siku ya kwanza. Ukichelewa mtakula bufee hadi mwisho. Michezo ya maji isiyo na injini mara nyingi imo, yenye injini haimo. Safari ya boti kwenda Kisite kutazama samaki ni gharama nyingine, pamoja na kiingilio cha hifadhi. Klabu ya watoto kwa kawaida inapokea kuanzia miaka 3 au 4, hivyo wa miaka 2 atabaki nanyi siku nzima.

Kuhusu tarehe, shule zetu zinawabana kwenye Juni na Desemba. Desemba ni ghali kote, na hoteli nyingi zinalazimisha malipo ya karamu ya Krismasi au mwaka mpya hata kama hamtaki kuila. Juni ndiyo ya mwenye akili. Masika imepungua pwani ya Kenya, bei bado ziko chini, ingawa kusi inavuma na bahari nje ya mwamba imechafuka. Mauritius wakati huo ni msimu wao wa baridi, bei pia ni za chini, lakini upepo unapiga pwani ya mashariki, kwa hiyo tafuta hoteli ya kaskazini kama Grand Baie au magharibi kama Flic en Flac. Beba sweta; jioni zake hazitamshangaza aliyezoea Juni ya Dodoma.

Maji kupwa na kujaa ndilo jambo ambalo sisi wa bara tunalisahau. Diani maji hupwa yakaenda mbali, mkabaki mnatazama mawe na madimbwi. Nyakati za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yaani saa ile ile watoto wamemaliza chai na wanavuta taulo, na hujaa tena alasiri kuelekea saa 10 au 11. Nyakati za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: asubuhi ya saa 4 au 5 maji yamejaa, na yakipwa hayaendi mbali. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama kalenda ya mwezi, upange siku zenu ziangukie nusu mwezi. Haikuongezei hata shilingi. Mauritius kupwa na kujaa ni kudogo, si la kuwaza. Yeboyebo kwa kila mtoto ni lazima, kwani kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia kwenye unyayo likizo inaingia dosari.

Njia ya barabara ni Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, Horohoro, kisha Ukunda, zaidi ya kilomita 700. Usijaribu kwa siku moja ukiwa na watoto. Lala Tanga, uvuke mpaka asubuhi. Mabasi ya Tanga kwenda Mombasa yanapita Ukunda, hivyo wa Diani mnashuka kabla ya kivuko cha Likoni. Aliyechukua hoteli ya Nyali au Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, atakutana na kivuko na foleni zake, au azungukie barabara ya Dongo Kundu. Mwenye gari lake abebe kadi halisi ya usajili na ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, kadi ya njano ya COMESA. Wa ndege wapande SGR hadi Dar, na kama treni yao inasimama Pugu washukie hapo, uwanja uko karibu kuliko wakifika mjini.

Kadi ya njano ya pili ni ya binadamu: cheti cha homa ya manjano. Tanzania inakidai kwa anayetoka Kenya, kwa hiyo kikwazo kinaweza kuwa mnaporudi nyumbani, hela ikiwa imeisha. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, hutolewa kuanzia miezi 9, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, basi tafuta cha zamani kabla ya kulipia kingine. Pasipoti ni 150,000 kwa kichwa, mtoto naye ana yake, na familia ya watano ni 750,000. Kwa Kenya peke yake, ulizia Uhamiaji hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi. Anza miezi miwili kabla, maana cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndicho hukwama. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili.

Mwisho uliza mlo wa kwanza na wa mwisho. Chumba hufunguliwa saa 8 mchana, na usiku wa kwanza kwa kawaida huanzia na chakula cha jioni. Basi likiwachelewesha hadi usiku wa manane, mlo huo mmeulipia na hamkuula. Siku ya kuondoka bangili ya mkononi, ile inayowatambulisha kuwa mmelipia kila kitu ndani, inakatwa saa 4 asubuhi, na kuanzia hapo soda ya mtoto ina bei. Kuleni chai vizuri, na mkate na mayai ya njiani yaombeni tangu usiku uliotangulia, Tanga iko mbali.