Karatasi ya takwimu za uhalifu iliyosomwa mtaani kwetu Uyole

Katika mkutano wa mtaa uliofanyika Jumamosi iliyopita hapa kwetu Uyole, jijini Mbeya, mwenyekiti alisoma karatasi yenye idadi ya matukio yaliyoripotiwa polisi mwaka huu kutoka mtaani kwetu, akailinganisha na ya mwaka jana. Idadi ilikuwa imepanda. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alisema kwamba hapa hapakaliki tena, na mzee mwenye nyumba ya wapangaji akauliza ni nani atakayekubali kupanga katika mtaa wa wezi. Niliondoka na uzito moyoni, kwa sababu naamini karatasi ile ilikuwa ya kweli, ila sisi ndio tulioisoma vibaya.

Tuanze na kinachohesabiwa. Mlalamikaji anapofika kituoni, taarifa yake huandikwa kitabuni, naye hupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo katika kitabu cha kituo. Ninayo moja niliyoitunza tangu nilipovunjiwa dirisha la stoo: kipande cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono, chenye kifupisho cha jina la kituo, herufi RB, namba ya mfululizo na mwaka, vyote vikitenganishwa kwa alama ya mkwaju (/). Namba hiyo inathibitisha kwamba nilikwenda nikasema. Jalada la uchunguzi, lile lenye herufi IR, ni jambo jingine, na shauri kufika mahakamani ni jambo la tatu. Mtu akikwambia kwamba mtaa una matukio kadhaa, swali la kwanza la kumuuliza ni kama amehesabu RB, majalada au mashauri, kwa kuwa hesabu hizo tatu hazilingani hata siku moja.

Kuna pia yale yasiyofika kitabuni kabisa. Jirani yangu, fundi cherehani, aliibiwa mtungi wa gesi mlangoni pake mwaka juzi. Nilipomshauri aende kituoni alinijibu, "Kaka, nipande bajaji kwenda na kurudi, nikae foleni, kesho niitwe tena na shahidi, yote hayo kwa mtungi?" Mtungi wake haumo katika takwimu yoyote. Vivyo hivyo simu nyingi zinazoporwa huandikishwa kuwa zimepotea, kwa sababu mwenye simu anachohitaji ni taarifa ya upotevu ili arudishiwe laini yake, wala hana matumaini ya kumpata aliyempora. Uporaji umetokea, lakini katika vitabu kuna mali iliyopotea tu.

Sasa tukumbuke kilichobadilika mtaani kwetu. Tumepata mkaguzi wa polisi wa kata, anayefahamika kwa sura, anayehudhuria mikutano yetu na kuacha namba yake ya simu ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Watu waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ongezeko lile imetokana na hilo, ingawa sina namna ya kuigawa hesabu na kusema hii ni ya wizi mpya na hii ni ya midomo iliyofunguka.

Simu nazo zina hesabu yake. Usiku mmoja wakati wa mvua, transfoma ililipuka karibu na barabara kuu, na watu wa nyumba mbalimbali, kila mmoja akidhani amesikia risasi, wakapiga simu kwa mkaguzi, kwa mwenyekiti na kwenye namba ya dharura 112. Simu zilikuwa nyingi, tukio lilikuwa moja, na uhalifu haukuwapo. Wingi wa simu hueleza hofu ya watu na imani yao kwamba wakipiga watajibiwa. Kuufanya kipimo cha wizi ni kukosea.

Kosa jingine ni kulinganisha maeneo bila kuangalia mipaka. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410, na ya 2022 ikaupa 2,343,754. Hakuna aliyewafukuza wana Mbeya; mwaka 2016 Songwe ilimegwa ikawa mkoa wake. Anayeweka makosa ya Mbeya ya 2014 karibu na ya 2018, kisha akashangilia kwamba uhalifu umepungua, amehesabu maeneo mawili tofauti. Anayefuatilia Iringa naye akumbuke kwamba Njombe ilitoka humo mwaka 2012. Na hata mipaka ikibaki palepale, eneo lenye soko kama Mwanjelwa hupokea mchana umati wa watu wasiolala hapo, kwa hiyo ukigawa matukio kwa idadi ya wakazi peke yao utawaonea.

Asilimia nazo zinatisha bure panapokuwa na namba ndogo. Tuseme nyumba 2 zilivunjwa mwaka jana na 4 mwaka huu: hilo ni ongezeko la asilimia 100, na lingeweza kuletwa na kijana mmoja katika usiku mmoja.

Linaloniuma zaidi ni makosa ya ukatili wa kijinsia. Mwanamke aliyepigwa anapokwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili atibiwe, anaongeza namba ya mtaa wetu. Tukianza kuiona namba hiyo kuwa aibu, atakayefuata ataambiwa na wakwe, na hata na sisi majirani, kwamba mambo yamalizwe kinyumbani. Karatasi itapendeza mkutanoni, naye atabaki na majeraha yake. Mimi niko tayari kuishi katika mtaa wenye namba kubwa kwenye safu hiyo kwa miaka kadhaa, ikiwa maana yake ni kwamba wanawake wetu wanasikilizwa.

Jana nilimwomba mwenyekiti kwamba katika mkutano ujao atusomee aina za makosa badala ya jumla peke yake, wizi wa kawaida ukae mbali na unyang'anyi, ambao huhusisha nguvu au vitisho, na atueleze ni majalada mangapi yaliyofunguliwa. Amekubali kumuuliza mkaguzi. Nilipitia pia kwa fundi kumweleza kwamba siku hizi anaweza kuanzia kwa mkaguzi wa kata bila kupanda bajaji. Aliweka mkasi mezani, akauliza kama mtungi wa mwaka juzi bado unaweza kuandikwa.